Umeoana na Mmarekani na mmehamia Iringa: kadi yako ya kijani iko salama?

Kuna swali linalorudi kila mara katika familia za Nyanda za Juu Kusini zilizokutanishwa na kanisa, hospitali au chuo. Mtu wa Ilula au wa Tukuyu ameoana na Mmarekani, akapata ukazi wa kudumu wa Marekani, wakaishi huko miaka kadhaa, kisha wakaamua kurudi. Mume kapata mkataba Iringa mjini. Au mke anataka kumuuguza mama yake Rungwe. Au wote wawili wanataka tu watoto wakue karibu na bibi. Je, ile kadi ya kijani itakuwaje?

Jibu ambalo watu hupeana barazani ni hili: "Mume wangu ni raia, na ninaishi naye. Hakuna neno." Unaelewa kwa nini mtu afikiri hivyo, maana kadi yenyewe ililetwa na ndoa. Lakini kwa sheria ya Marekani jibu hilo si sahihi, na ni la hatari kwa sababu linamfanya mtu asifanye maandalizi ambayo yangechukua wiki chache tu kabla hajapanda ndege.

Ndoa ni mlango ulioingilia. Ukishakuwa ndani, sheria haikuiti tena mke wa raia wala mume wa raia, inakuita mkazi. Na mkazi ni mtu anayeishi pale. Kwa Marekani, siku unazokaa Iringa na mumeo raia huhesabiwa sawasawa na siku ambazo ungekaa Iringa peke yako: zote ni siku za kuwa nje.

Itoe kadi uitazame vizuri kabla hatujaendelea. Upande wa mbele, pamoja na picha na jina, kuna tarehe uliyoanza kuwa mkazi, tarehe kadi itakapokwisha, na alama fupi ya herufi mbili na tarakimu moja inayoonyesha ulipitia njia gani. Ukiona IR1 au IR6, wewe ni mkazi kamili na kadi yako ni ya miaka 10. Ukiona CR1 au CR6, ndoa yenu ilikuwa haijatimiza miaka 2 siku ulipopewa ukazi, na kadi yako ni ya miaka 2 yenye masharti. Huyu wa CR ana kazi ya ziada. Ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha lazima yeye na mwenzake wapeleke fomu I-751 kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli, na anaweza kuitwa Marekani kupigwa alama za vidole au kuhojiwa. Akishapokelewa fomu hupewa barua inayoirefusha kadi kwa miezi 48, na barua hiyo husafiri pamoja na ile kadi iliyokwisha muda. Asipopeleka, ukazi unafutika wenyewe hata kama ndoa ina upendo wote wa dunia.

Hiyo miaka 10 nayo huwadanganya wengi. Ni umri wa kadi, kama kitambulisho kingine chochote. Haina maana kwamba umeruhusiwa kukaa Mbeya miaka 10 na kurudi siku utakayotaka.

Siku zinavyohesabiwa

Kuna mistari miwili ya kuikumbuka. Wa kwanza ni siku 180 mfululizo. Ukirudi kabla hazijazidi, kwa kawaida sheria inakuona kama mtu anayerejea kwake. Zikizidi, unachukuliwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na ofisa wa uwanja wa ndege ana nafasi kubwa zaidi ya kukuchimba. Mstari wa pili ni mwaka mmoja. Ukifika hapo, kadi peke yake haitoshi tena kukuingiza.

Hapa ndipo ndoa inapofanya kazi mahali pamoja tu: mwenza wa mwanajeshi au wa mtumishi wa serikali ya Marekani aliyetumwa nje kwa amri rasmi anaweza kurudi kwa kadi yake hata baada ya mwaka, ilimradi aliishi nje na huyo mwenza kwa sababu ya kazi hiyo. Mwenza wa daktari wa kujitolea, wa mwalimu, wa mkulima au wa mwenye hoteli hayumo.

Lakini mistari hiyo siyo habari yote. Kinachopimwa hasa ni nia: je, bado maisha yako yako Marekani na huku umekuja kwa muda, au maisha yamehamia huku na Marekani unaenda kutembea? Kuna watu wanaoruka kila baada ya miezi mitano, wanakaa wiki mbili kwa wakwe, wanarudi Iringa wakiamini wameanza kuhesabu upya. Wanaweza kufanya hivyo mara tatu au nne bila kuulizwa. Safari ya tano ofisa anafungua pasipoti, anahesabu mihuri, anaona mtu aliyekaa Marekani wiki chache katika miaka miwili, na maswali yanaanza. Kuvuka Tunduma kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi hakusaidii lolote, maana wanaohesabu hawahesabu siku za Tanzania, wanahesabu siku za kutokuwa kwao.

Maswali yenyewe yanajulikana. Ulitoka kwa sababu gani? Ulipanga kurudi lini, na kuna kitu kinachoonyesha hivyo, mkataba wenye tarehe ya mwisho, masomo yenye tarehe ya kumaliza? Nyumba yako iko wapi? Unafanya kazi wapi? Kodi ya mapato unawasilisha, na unawasilisha kama nani? Na familia yako iko wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo watu hawalitegemei. Mtanzania aliyekuja peke yake kumuuguza mzazi, akamwacha mume na watoto Minnesota, ana jibu zito: familia yangu iko kule, ninarudi kwao. Wewe uliyekuja na mume raia, mkapanga nyumba Gangilonga na kuwaandikisha watoto shule, jibu lako la kweli ni kwamba familia iko Iringa. Yaani kuwa pamoja na raia nje, ambako watu wanakudhania kuwa kinga, kunaweza kuwa ndiko kunakoonyesha kwamba umehama.

Kwa hiyo anayepanga kurudi Marekani anatakiwa aache nyayo huko. Akaunti ya benki inayotumika, leseni ya udereva, anwani halisi ya nyumba hata kama imepangishwa kwa muda, mkataba wa kazi ya Tanzania unaosema unaisha lini. Kodi iko juu ya vyote. Mkazi wa kudumu, kama raia, anatakiwa kutangaza mapato yake ya dunia nzima, pamoja na ya shamba la parachichi Njombe. Akaunti zako zote za nje ya Marekani zikijumlishwa na kupita dola 10,000 hata siku moja tu ya mwaka, kuna ripoti nyingine ya kupeleka. Zipo nafuu za kuzuia kutozwa mara mbili, na wengi huishia kutolipa kitu, ila fomu lazima iende. Anayejaza kwamba si mkazi ili kukwepa usumbufu amejiandikia mwenyewe ushahidi kwamba ameutelekeza ukazi.

Kibali cha kurejea

Kwa wanaojua tangu mwanzo kwamba watakaa zaidi ya mwaka, dawa yao ni kibali cha kurejea, kinachoombwa kwa fomu I-131. Ni kijitabu kinachofanana na pasipoti, na kwa kawaida kinadumu miaka 2. Ukiwa nacho, ofisa hawezi kusema umepoteza ukazi kwa sababu tu ya urefu wa muda uliokaa nje. Anaweza bado kukuhoji juu ya mengine yote, lakini ile hoja kubwa imeondoka mezani.

Tatizo ni mahali pa kuomba. Fomu lazima ipelekwe wewe ukiwa ndani ya Marekani, na alama za vidole zinachukuliwa kule kule. Huwezi kuiomba ukiwa Mbeya, wala ubalozi wa Dar es Salaam hauwezi kukuombea. Wanaogundua jambo hili miezi minane baada ya kuhamia ndio wanaokata tiketi ya ghafla ya mamilioni ili wakapige vidole. Ukiomba mapema na kupigwa vidole, huna haja ya kusubiri kibali chenyewe kitoke, ambacho huchukua miezi mingi. Kwenye fomu kuna mahali pa kuomba kipelekwe ubalozini, ukakichukue Dar.

Kibali hakiongezwi muda. Kikiisha unarudi Marekani kuomba kingine, na ukiwa umeshakaa nje zaidi ya miaka 4 kati ya 5 iliyopita, kipya kwa kawaida hupewa mwaka mmoja tu. Mwenye kadi ya CR hapati zaidi ya tarehe anayotakiwa kuondoa masharti ya kadi yake. Na hiki ndicho kinachowaumiza watu zaidi: kibali kinalinda ukazi, hakilindi hesabu ya kuomba uraia. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na ya pili nitaifikia.

Mwaka umeshapita

Mama aliumwa, ukasema mwezi mmoja, ukawa kumi na sita. Kibali huna. Ipo viza ya mkazi anayerejea, SB-1, inayoombwa ubalozini kwa fomu DS-117. Unatakiwa kuonyesha kwamba ulitoka ukiwa na nia ya kurudi, na kwamba kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako. Hapa karatasi za hospitali zina thamani kuliko maneno mazuri: tarehe za kulazwa, barua ya daktari, tiketi iliyoahirishwa. Mtu aliyebaki kwa sababu maisha ya huku yalimnogea hapiti.

Ukifika uwanja wa ndege wa Marekani na ofisa akaona umetelekeza ukazi, hana mamlaka ya kukuvua papo hapo. Una haki ya kufikishwa mbele ya hakimu wa uhamiaji, na serikali ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha. Anachoweza kufanya ni kukupa fomu I-407, ambayo ni tamko lako mwenyewe la kuurudisha ukazi kwa hiari. Usiisaini kwa uchovu wa safari ya saa thelathini kwa sababu tu umeambiwa itarahisisha mambo.

Hata hivyo naamini kuna familia ambazo fomu hiyo hiyo ndiyo njia ya heshima kwao. Kama mmejenga Iringa, mmeamua kuzeekea Iringa, na Marekani mnaenda Krismasi kuwaona wakwe, kuishikilia kadi kwa maelezo ya kubuni kila mnapotua ni kuishi na hofu bila sababu, na uongo mbele ya ofisa wa uhamiaji una adhabu inayoweza kukufungia nchi hiyo daima. Ukiirudisha kwa hiari ukiwa huku, umeondoka kwa usafi. Mkibadili mawazo baadaye, mwenza wako raia anaweza kukuombea upya, na wenza wa raia hawamo kwenye foleni ya idadi ya mwaka ambayo ndugu wengine husubiri. Tahadhari ni moja, nayo ni nzito: sera za viza hubadilika pamoja na serikali, na njia iliyokuwa wazi mwaka jana yaweza kuwekewa kizuizi mwaka huu. Mwenye kadi mkononi kwa kawaida yuko mahali salama zaidi kuliko anayeanza kuomba. Hilo mlipime pamoja, ninyi wawili, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kama umeoana na Mjerumani au Mkanada

Nyanda za Juu Kusini hazina Wamarekani peke yao. Wamisionari wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo Wajerumani wanakuja Mbeya, Njombe na Iringa kwa kazi za kanisa na hospitali. Ndiyo maana ushauri wa jirani unaweza kukupotosha: yeye alifanya hivyo, hakupata shida, kwa sababu alioana na raia wa nchi nyingine.

Kanada inataka mkazi wa kudumu awepo nchini siku 730 katika kila miaka 5, lakini siku unazokaa nje ukiwa umefuatana na mwenza wako raia wa Kanada zinahesabiwa kama uko Kanada. Mnaweza kuishi Uyole miaka mitano na ukazi wako ukabaki, mradi muweze kuthibitisha kwamba mliishi nyumba moja. Mkataba wa pango wenye majina yote mawili usiutupe, na jiandae kuulizwa nani alimfuata nani.

Ujerumani, kibali cha kudumu kwa kawaida hufa ukikaa nje zaidi ya miezi 6. Kwa anayeishi katika ndoa na Mjerumani, sheria inasema hakifi kwa sababu hiyo, ilimradi hana makosa yanayoweza kumfukuzisha. Ila kinga hiyo ni ya mwenye kibali cha kudumu. Aliye bado na kibali cha muda, ambacho wenza wengi huanza nacho kwa miaka mitatu ya kwanza, hana kinga hiyo.

Uingereza hutoa miaka 2 mfululizo nje, kisha ukazi unakufa, na kuwa na Mwingereza pembeni peke yake hakuuzuii.

Swali moja, nchi nne, na kila moja ina jibu lake. Jibu la Kanada na la Ujerumani ndilo ambalo watu wengi hudhani ni la Marekani.

Njia ya uraia na shamba la Mufindi

Ndoa na Mmarekani inafupisha njia ya uraia. Mkazi wa kawaida husubiri miaka 5. Aliyeoana na raia na kuishi naye husubiri miaka 3, na katika hiyo anatakiwa awe amekaa ndani ya Marekani angalau miezi 18. Safari moja inayozidi miezi 6 inatiliwa shaka kwamba imekata mfululizo wa ukazi, na ya mwaka mmoja au zaidi huukata kabisa, hata kama ulikuwa na kibali cha kurejea. Hesabu inaanza upya ukirudi.

Lakini iko njia nyingine ambayo wanandoa wengi wa huku wanastahili bila kujua. Sheria ya uraia ya Marekani, kifungu cha 319(b), inamruhusu mkazi kuomba uraia bila kutimiza muda wowote wa kukaa, kama mwenza wake raia ameajiriwa nje na serikali ya Marekani, taasisi ya utafiti ya Kimarekani inayotambuliwa, kampuni ya Kimarekani ya biashara ya nje, au shirika la kimataifa ambalo Marekani ni mwanachama, au ni mchungaji au mmisionari aliyetumwa na dhehebu lenye shirika halali Marekani. Kazi hiyo ya nje inatakiwa iwe ya mwaka mmoja au zaidi, usaili na kiapo hufanyika Marekani, na mwombaji hutangaza kwamba atakwenda kuishi na mwenzake nje na kurudi kazi ikiisha.

Fikiria ni wangapi hapa. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina ushirika wa miaka mingi na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, unaojulikana kwa jina la Bega kwa Bega. Mbeya kuna miradi ya utafiti wa afya inayoendeshwa na Wamarekani. Mwenza wa mmisionari aliyetumwa rasmi, au wa mtafiti aliyeajiriwa na taasisi yenye sifa, anaweza kuwa anahangaika na safari za kulinda kadi wakati sheria imempa njia ya moja kwa moja. Mwenza wa mfanyakazi wa asasi ya Kitanzania, au wa Mmarekani anayeendesha nyumba yake ya wageni, hana njia hiyo, hata kama kazi ni njema kiasi gani. Mkataba na jina la mwajiri ndivyo vinavyoamua.

Na hapo linakuja jambo ambalo mawakili wa Marekani hawaliulizi, kwa kuwa si lao. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Watoto wenu wanaweza kushika wa pande zote mpaka miaka 18, kisha wachague. Wewe ukila kiapo cha Marekani kwa hiari, umepoteza uraia wa Tanzania. Utarudi Iringa kama mgeni, ukiomba kibali cha kuishi kama anavyoomba mumeo. Yeye mwenyewe leo hapaswi kuishi huku kwa viza ya matembezi, ile ya dola 100 inayoruhusu miezi mitatu kwa kila kuingia, wala kuiongezea umri kwa kuvuka Kasumulu na kurudi. Anahitaji kibali cha ukaazi, na cha kazi kama anafanya kazi. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inampa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa, lakini haimpi njia hiyo mume mgeni wa Mtanzania. Ni ubaguzi, na unawaumiza dada zetu zaidi ya wanavyosema. Dada aliyeapa kwa Marekani, aliyeolewa na Mmarekani, anajikuta kwao Mafinga katika nyumba ambayo hakuna mtu mzima mwenye haki ya kukaa bila kibali.

Halafu ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Huku kwetu ambako urithi wa mtu ni misonobari ya Mufindi, chai ya Rungwe au parachichi za Njombe, hilo si jambo la pembeni. Serikali imekuwa ikilishughulikia suala la hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walioko nje, na inafaa kuulizia Uhamiaji limefikia wapi kabla ya kuamua. Nawashauri wanaofikiria njia ya 319(b) waanze na kikao cha ukoo kabla ya wakili: shamba limeandikwa jina la nani, litashikwa na nani, na makubaliano hayo yaandikwe na kushuhudiwa na serikali ya kijiji wakati mwenye shamba bado ni raia.